Herufi A kwenye ua: bado tuifundishe?

Waridi la porini huwa na petali tano. Lile linalokatwa Naivasha na kusafirishwa Ulaya linazo nyingi mno, na kadiri unavyolichambua kuelekea kitovuni unaweza kukuta kiungo ambacho ni nusu petali, nusu stameni, yaani kiungo cha kiume chenye chavua. Kiungo hicho kilibadilishiwa kazi kikiwa bado kinaumbika.

Maelezo ya jinsi viungo vya ua vinavyopangiwa kazi, yanayofundishwa hadi leo, yalitolewa mwaka 1991 na Enrico Coen, aliyechunguza antirinamu, ua la bustanini, huko Norwich, Uingereza, pamoja na Elliot Meyerowitz wa California, aliyechunguza arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii ya haradali. Walisema jeni zinazopanga viungo hivyo ziko makundi matatu: A, B na C. Kutoka duara la nje la ua hadi la ndani, A peke yake hutoa sepali (vijani vinavyofunika tumba), A na B petali, B na C stameni, C peke yake karpeli (viungo vya kike). A na C hazikai pamoja: C ikitoweka, A hutanda hadi katikati, ua likajaa petali.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanatabiri. Arabidopsisi ilipoharibiwa makundi yote matatu, viungo vya ua vilitoka kama majani, jambo ambalo mshairi Mjerumani Goethe alilikisia mwaka 1790.

Lakini A ina kasoro, na mimi naiona kubwa. Antirinamu ni nusu ya ushahidi wa mwanzo, ila mimea yake iliyodhaniwa kukosa A ilichunguzwa, na kufikia 1993 ikabainika kwamba tatizo lilikuwa ni C kuwaka mahali pasipo pake. Baadaye ikaonekana kuwa katika antirinamu na petunia, anayesaidia kuizuia C isivuke mpaka ni kipande kidogo cha RNA (molekuli inayofanana na DNA), tofauti na mlinzi mkuu wa arabidopsisi, ambaye ni jeni ya kundi A. Kwa hiyo kanuni ya mmea mmoja ilipewa mimea yote.

Wanaoitetea herufi hiyo husema mwanafunzi anahitaji pa kuanzia. Ni kweli, na B na C zimestahili nafasi hiyo: zinafanya kazi ileile hata kwenye mahindi na mpunga, nafaka ambazo maua yake hayafanani kabisa na waridi. Tulipu yenyewe inaeleweka kirahisi: B imesogea hadi duara la nje, ndiyo maana sepali zake zinafanana na petali.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa michikichi. Miche iliyozalishwa maabara kwa vipande vya tishu ilikua vizuri shambani, kisha baadhi ikatoa matunda yenye vipande vya nyama vya ziada pembeni na mafuta haba. Stameni zilikuwa zimegeuka kuwa kama karpeli, jambo linalotarajiwa B ikilegea. Mwaka 2015 watafiti wa Malaysia walionyesha kwamba mfuatano wa DNA haukuwa umebadilika. Kilichopotea ni alama za kikemikali ndani ya jeni ya B. Herufi iliwaelekeza wachunguze wapi, ingawa haikuwaambia kilichoizima.

Ningeandika kitabu cha kiada, ningeziacha B na C, kisha A ningeitaja chini ya arabidopsisi tu. Kuhusu waridi la Naivasha ningeandika kwamba C imebanwa kitovuni na petali zimeota pale ilipoondoka. Hakuna haja ya kumtafutia A kazi hapo.