Curt Flood, mchezaji aliyekataa kuhamishwa

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, jina la Bosman halikosi kijiweni. Fulani kamaliza mkataba, anaondoka bure, viongozi wa klabu wanabaki kung'ata vidole; basi hapo lazima atokee mzee mmoja atoe darsa la yule mchezaji wa Kibelgiji na hukumu ya 1995 iliyoruhusu hilo. Mimi humsubiri amalize, kisha namtaja Curt Flood. Meza nzima huniangalia kama nimetaja dawa ya mifugo.

Flood alicheza besiboli, mchezo ambao nakiri ulinitoa jasho kabla sijauelewa. Alikuwa mlinzi wa katikati wa uwanja wa nje, yule anayesimama mbali kabisa na mpigaji, kazi yake kukimbiza mipira mirefu na kuidaka kabla haijagusa nyasi. Akiwa na klabu ya St. Louis Cardinals kwa miaka 12 alitwaa ubingwa mara mbili, 1964 na 1967, alipewa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara 7 mfululizo, na msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja. Mashabiki nao, kama kawaida yao, wakashikilia moja. Fainali ya 1968 dhidi ya Detroit, mechi ya saba, 0-0: Jim Northrup akapiga mpira juu, Flood akaanza kuja mbele, akagundua umepaa kuliko alivyodhani, akageuka, akateleza. Ukampita. Detroit wakashinda 4-1.

Oktoba 1969 akapigiwa simu kuambiwa kwamba amepelekwa Philadelphia, katika mabadilishano yaliyomhusu Dick Allen, nyota wa Philadelphia. Hakuulizwa. Enzi hizo mkataba wa besiboli ulikuwa na kipengele kilichoifanya klabu imshike mchezaji hata muda wake ukiisha, mwaka baada ya mwaka. Unacheza unakopelekwa, au unatundika glavu.

Nadhani jibu lake lilianza kupikwa zamani, alipokuwa hajafika hata miaka 20, kwenye ligi ndogo za Kusini. Alisimulia mwenyewe: siku ya mechi mbili, baada ya ile ya kwanza wachezaji walivua jezi wakazirundika pamoja zikafuliwe. Yeye naye akatupia yake. Mtunza vyumba akaja na fimbo ndefu yenye msumari, akaichomoa jezi ya Flood kutoka kwenye rundo la Wazungu, akaituma kwa dobi wa Weusi upande wa pili wa mji. Flood akakaa uchi akiisubiri, huku mechi ya pili imeshaanza bila yeye. Alipotokea uwanjani amechelewa, mashabiki wakamzomea.

Desemba 24, 1969, alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Kuhn akakataa kumwachia. Flood akaenda mahakamani. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na watu walicheka: mtumwa gani huyo? Akawajibu kwenye televisheni kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Wengine waliona amekuza mambo. Mimi sioni hivyo, maana anayekulipa vizuri akiweza kukugawa kwa simu moja, mshahara haubadilishi nani mwenye mali.

Kinachoniudhi ni kile chumba cha mahakama, New York, 1970. Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli, alikuja kumtolea ushahidi, mvi kichwa kizima, mgonjwa. Hank Greenberg, nyota wa zamani, alikuja. Mchezaji aliyekuwa bado anacheza hakutokea hata mmoja, wala kukaa tu kwenye benchi la nyuma. Chama cha wachezaji kilikuwa kinamlipia mawakili, sawa, na woga wao naujua, kila mtu ana watoto. Lakini majaji nawasamehe haraka kuliko hao.

Majaji wa Mahakama ya Juu walimkatalia Juni 1972, kura 5 kwa 3. Jaji wa tisa, Lewis Powell, alijitoa kwa sababu alikuwa na hisa katika kampuni ya bia iliyomiliki Cardinals. Flood alikuwa ameshaacha mpira: mechi 13 na Washington mwaka 1971, basi, akaenda zake kisiwa cha Majorca, Hispania, na pombe ikamwandama kwa miaka. Kipengele kile kilivunjwa Desemba 1975, katika shauri la wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally. Flood alifariki Januari 1997, akiwa na miaka 59.

Sasa nenda Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Magwiji wa besiboli. Marvin Miller, kiongozi wa chama aliyemwonya mapema kwamba kesi hiyo itamshinda, yumo. Dick Allen, aliyebadilishwa naye, alipigiwa kura Desemba 2024, naye yumo. Bowie Kuhn, aliyeshtakiwa, yumo tangu 2008. Flood hayumo.