Teh, Oh-aew na gharama ya kujikana

Thailand hutoa kila mwaka tamthilia nyingi za mapenzi kati ya wanaume, ambazo Wathai wenyewe huziita tamthilia za Y. Nyingi hutazamwa na kusahaulika. I Told Sunset About You bado inabishaniwa, na inastahili. Ina sehemu tano tu, zilizorushwa na jukwaa la mtandaoni la LINE TV kati ya Oktoba na Novemba 2020. Iliongozwa na Naruebet Kuno chini ya kampuni ya Nadao Bangkok. Putthipong Assaratanakul, anayejulikana zaidi kama Billkin, ndiye Teh. Krit Amnuaydechkorn, au PP, ndiye Oh-aew.

Wanaoisifu husema ilichukulia kujikubali kuwa kazi ngumu yenye maumivu, si busu la mwisho wa hadithi. Wanaoikosoa husema ni ndoto nyingine tu iliyopakwa rangi nzuri, ambamo jamii haina lawama na adui wa kijana ni moyo wake mwenyewe. Kila upande una hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba pande zote mbili humjadili Teh, kijana anayejikana, ilhali jambo zito zaidi la tamthilia hii linampata Oh-aew, aliyekuwa amekwisha kujijua.

Kwanza tutazame ilikotoka, maana bila hapo ukali wa wakosoaji hauwezi kueleweka. Tamthilia ya Y ya kawaida huanza kama riwaya iliyoandikwa kwa vipande mtandaoni, na mara nyingi wasomaji wake ni wasichana. Kampuni hununua haki za riwaya, hutafuta wavulana wawili wanaoendana kwa sura, huwapitisha kwenye mazoezi ya pamoja ili wazoee kugusana bila kusita, kisha hurekodi sehemu kumi na mbili au zaidi. Baada ya hapo wawili hao huuzwa kama jozi: matangazo ya vipodozi na vinywaji, mikutano na mashabiki, nyimbo, ziara za nje. Mashabiki hutaka kuamini kwamba wanapendana hata kamera ikizimwa, na kampuni hazina haraka ya kuwaambia vinginevyo.

Ndani ya mtambo huo zimezalishwa tabia ambazo zimewaudhi watazamaji wanaopenda watu wa jinsia yao kwa miaka. Katika SOTUS ya 2016, iliyofungua soko hili kwa kiwango kikubwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamtishia hadharani kiongozi wa wanafunzi wakubwa, mwanamume mwenzake, kwamba atamfanya mke wake. Lugha hiyo ya mume na mke ikaenea, kana kwamba wanaume wawili hawawezi kupendana mpaka mmoja apewe cheo cha mwanamke. Katika TharnType ya 2019, mhusika aitwaye Type anawachukia mashoga kwa sababu alidhulumiwa kingono na mwanamume utotoni, na mapenzi ndiyo yanayomponya. Hatari yake iko wazi, kwa kuwa mapenzi na unyanyasaji vinawekwa kwenye kapu moja, kisha mtazamaji anaombwa ashangilie.

Mfano unaoniuma zaidi ni 2gether ya 2020, tamthilia ambayo kwa mengine ni nyepesi na ya upole. Tine anaanza uhusiano wa kuigiza na Sarawat kwa sababu anataka kumkimbia Green, kijana mwenye mwendo wa kike anayempenda. Green amewekwa pale achekwe. Yaani mapenzi ya wavulana wawili wenye sura ya kiume yanajengwa juu ya mgongo wa yule ambaye barabarani, shuleni na kazini ndiye anayepigwa jicho kwanza. Mtazamaji mwenye mwendo kama wa Green anaambiwa kwamba mapenzi haya yapo, lakini si yake.

Sasa tumweke Oh-aew mbele ya hayo. Ni mlaini, sauti yake ni ya upole, anajua kwamba anavutiwa na wavulana, na hadithi inapoanza anampenda mwenzake aitwaye Bas bila kujitesa. Katika tamthilia nyingine angekuwa Green. Hapa amewekwa katikati, na kamera inamtazama kwa heshima ileile inayompa Teh.

Hadithi yenyewe ni hii. Teh na Oh-aew walikuwa marafiki wa utotoni katika mji wa Phuket, wakagombana kwa sababu ya ndoto ya uigizaji, na hawakusemezana kwa miaka. Wanakutana tena kwenye masomo ya ziada ya Kichina wakijiandaa kuingia chuo kikuu. Oh-aew anayumba katika lugha hiyo, Teh anaimudu, na kufundishana kunarudisha urafiki. Teh amekuwa akimfukuzia msichana aitwaye Tarn. Wivu anaousikia kila Bas anapomkaribia Oh-aew ndio unaomfumbua macho, naye anafanya kila awezalo kuyafumba tena.

Mahali hapakuchaguliwa ovyo. Mji mkongwe wa Phuket ulijengwa kwa fedha ya madini ya bati na kwa jasho la Wachina wa Hokkien waliohamia huko, na mama yake Teh anauza tambi za Kihokkien. Ana wana wawili anaowalea peke yake. Mkubwa, Hoon, amekwisha kufaulu; mdogo ndiye tumaini lililobaki. Katika malezi ya Kithai, mtoto ana deni la fadhila kwa mzazi, deni lisilolipika kwa fedha, na kila uamuzi wake hupimwa kwa deni hilo. Kwa hiyo hofu ya Teh haihitaji mtu wa kumpiga wala kumfukuza nyumbani. Inatosha kuwaza uso wa mama yake.

Hapa ndipo wakosoaji wanapobana, na hoja yao ina uzito. Wanasema hofu hiyo haina sura. Hakuna mwalimu anayedhihaki, hakuna jirani anayenong'ona, hakuna mtawa wala ndugu anayekumbusha imani iliyoenea kwamba kuzaliwa hivyo ni adhabu ya uzinzi wa maisha yaliyopita. Teh anapovunjika na kulia mbele ya Hoon, kaka yake anampokea. Kila mlango anaougonga unafunguka. Mtazamaji anaweza kuondoka akiamini kwamba Thailand haina shida na watu hawa, shida wanayo wao wenyewe, na dawa ni ujasiri kidogo. Kwa kijana wa kijijini, au kwa kathoey, yaani mtu aliyezaliwa mwanamume anayeishi kama mwanamke, anayekataliwa kazi ya ofisini kwa sababu ya sare na jina lililoandikwa kwenye kitambulisho, hilo ni tusi.

Utetezi unaofaa si kusema kwamba tamthilia haiwezi kubeba kila kitu. Ni kwamba imechagua aina moja ya shinikizo na kuichimba hadi chini. Thailand iliondoa adhabu ya jinai kwa mapenzi ya jinsia moja tangu 1956, lakini kwa miongo mingi baada ya hapo ikabaki nchi ambamo unavumiliwa mradi usilete aibu. Uvumilivu wa namna hiyo haukuachi na mtu wa kugombana naye. Hakuna sheria ya kuvunja wala adui wa kumnyooshea kidole, kwa hiyo lawama yote unaimeza. Kulia kwa Teh mbele ya kaka mwema kunaeleweka kwa njia hiyo: analia kwa sababu amejihukumu peke yake kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kumwuliza swali.

Lakini naona utetezi huo nao unaishia njiani, kwa sababu unaendelea kumwangalia Teh. Fuatilia kinachompata mwenzake. Teh anamkaribia Oh-aew kimwili, hamu yake ikiwa wazi kabisa, kisha anashtuka na kujitoa. Oh-aew anabaki na swali ambalo hakuwa nalo mwanzo: je, amekataliwa kwa kuwa mwili wake ni wa kiume? Ndipo inapokuja picha iliyozungumzwa kuliko zote. Anajivalisha sidiria nyekundu, anajitazama kwenye kioo, na anavunjika. Hakuna hotuba inayoeleza. Krit anaigiza aibu ya mtu anayejaribu kuona kama angependwa angekuwa mwingine.

Wapo walioisoma picha hiyo kama dalili kwamba Oh-aew anataka kuwa mwanamke. Wengine waliona ni kurudi kwenye kosa la SOTUS, kwamba mlaini lazima awe wa kike. Sikubaliani na usomaji huo wa pili. Kwa Oh-aew, cheo cha mwanamke si zawadi ya mapenzi. Ni jeraha ambalo kujikana kwa Teh kumemtia. Kijana huyu alianza hadithi akiwa amejikubali kwa kiasi chake. Ni mpenzi asiyejikubali ndiye aliyemrudisha nyuma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wazee walisema, na Teh, kwa hofu yake yote, hajui uzito aliomtwisha mwenzake.

Jambo hili ni nadra katika tamthilia za Y, na hata nje yake. Tumezoea hadithi ambamo kujikubali ni safari ya mtu mmoja: anaogopa, anakiri, anakumbatiwa. He's Coming to Me ya 2019 inafanya hivyo kwa ustadi, pale Thun anapomwambia mama yake ukweli na kupokelewa. Ni hadithi nzuri na zinasaidia. Zinachoficha ni kwamba muda ambao mtu anautumia kujificha hulipwa pia na yule aliyefichwa naye. Hata Tarn analipa, na inafaa kusema kwamba hapa msichana hafanywi adui wa kuchukiwa na mashabiki, kama ilivyozoeleka. Ni mtu aliyedanganywa.

Kasoro kubwa ya tamthilia, kwa maoni yangu, iko kwenye nafasi ya chuo. Teh anafaulu mchujo wa mapema, Oh-aew anabaki kwenye orodha ya kusubiri, na Teh anaiachia nafasi yake ili mwenzake apande. Mfumo wa udahili wa Thailand una raundi kadhaa, kwa hiyo kuachia nafasi ni jambo linalowezekana, na ukiachia unarudi kushindana katika raundi inayofuata na umati mkubwa zaidi. Kama tendo la kimapenzi linapendeza. Kama tendo la kujikubali halina maana. Teh anatoa mustakabali wake, anamuumiza mama yake, anajitesa, lakini bado hajasema lile dogo lililotakiwa. Ni rahisi kwake kujitoa mhanga kuliko kujitaja. Muswada wa tamthilia unaliona hilo kwa nusu: hasira ya mama imepewa nafasi, ila mashabiki wengi waliachiwa walione tendo hilo kuwa kilele cha upendo, na muziki unawasukuma huko.

Halafu kuna swali la manufaa nje ya skrini, ambalo hutiwa chumvi na pande zote mbili. Tarehe 27 Machi 2024 Baraza la Wawakilishi la Thailand lilipitisha mswada wa usawa wa ndoa kwa kura 400 kati ya wabunge 415 waliohudhuria. Seneti ikaupitisha tarehe 18 Juni kwa kura 130 dhidi ya 4. Sheria ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025, ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia. Kusema tamthilia ndizo zilizoleta sheria hiyo ni kuwadhulumu wanaharakati waliosukuma rasimu za ubia wa kiraia tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na waliopigwa mweleka na Mahakama ya Katiba Novemba 2021, iliposema sheria ya ndoa ya mwanamume na mwanamke haikuvunja katiba. Uamuzi huo ulitoka miezi michache tu baada ya msimu wa pili wa hadithi ya Teh na Oh-aew, katika nchi iliyokuwa imejaa mabango ya wavulana wawili wawili wakitangaza bidhaa. Umaarufu haukuwazuia majaji.

Lakini kusema hazikusaidia chochote nako ni ubishi. Ziliwapa watu wa kawaida mazoea ya kuona wavulana wawili mezani na familia. Hazikumpa kathoey kitu kama hicho. Hata baada ya sheria ya ndoa, mtu aliyebadili jinsia bado hana sheria inayomruhusu kubadili jinsia yake kwenye hati za serikali, na hilo linalingana kwa uchungu na aina ya wahusika ambao tamthilia za Y ziliwapenda na ambao ziliwacheka.

Msimu wa pili, I Promised You the Moon, ulitoka Mei 2021 chini ya mwongozaji mwingine, Tossaphon Riantong, ukawahamishia wawili hao Bangkok. Mashabiki wengi waliuchukia kwa sababu Teh, akiwa mwanafunzi wa uigizaji, anamwendea mwingine, Jai, na kumsaliti Oh-aew. Hasira hiyo inaeleweka, ila msimu huo unastahili kutazamwa kwa jambo moja: Oh-aew anaacha uigizaji na kuhamia matangazo, baada ya kutambua kwamba ndoto aliyokuwa akiikimbiza haikuwa yake. Anafanya uamuzi huo bila Teh kumsukuma wala kumwokoa. Baadaye wanarudiana, na hapo muswada unaharakisha. Msamaha unakuja kabla Teh hajaonyesha kwamba ameacha tabia ya kuficha mambo mpaka yamlipukie mwenzake.