Kayaki ya Begani Ichaguliwe kwa Upepo, Si kwa Bei

Jumapili moja ya mwezi Julai, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nafungua mkoba wa kayaki yangu, mtumbwi mdogo wa kafi unaobebeka begani, pale ufukweni Msasani, Dar es Salaam, nilimwona baba mmoja na binti yake wa miaka kama minane wakizidi kuwa wadogo majini. Walikuwa wamekaa katika kayaki ya plastiki ya kujaza upepo, yenye rangi ya njano na buluu, na kwa mbali ungedhani wanafurahia matembezi yao, kwa kuwa maji ya karibu na nchi kavu yalikuwa yametulia tuli. Lakini baba yule alikuwa ameelekeza uso ufukweni na anapiga kafi kwa nguvu zake zote, na kila nilipoinua macho niliwaona wako mbali zaidi kuliko mwanzo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyevaa jaketi okozi.

Waliowaokoa ni wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na ngalawa yao. Walibadili njia, wakawafikia, wakamnyanyua mtoto kwanza, kisha wakaifunga ile kayaki nyuma kwa kamba. Walipofika mchangani, binti alikuwa anatetemeka na hasemi neno, na baba yake alikuwa amemkumbatia kwa namna ambayo sitaisahau. Yule mvuvi mkubwa hakumkaripia mtu. Aliinama, akaubonyeza ubavu wa kayaki kwa kidole gumba hadi ukucha ukapotea, akaipindua, akapitisha kiganja juu ya tumbo lake laini kuanzia tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele, kisha akasema, "Mwanangu, chombo hiki hakina mkuku, ule uti wa chini unaoshika maji. Upepo ukikishika, unakipeleka unakotaka wenyewe." Baba wa mtoto akaitikia kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mzee wangu. Mimi niliambiwa ni ya baharini."

Niliambiwa ni ya baharini. Maneno hayo ndiyo yaliyonikasirisha, na ndiyo yanayoniandikisha leo. Tulilitazama pamoja boksi alilokuwa ameliacha kwenye buti la gari. Juu yake kulikuwa na picha ya familia inayocheka katikati ya maji ya samawati, na pembeni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kulikuwa na onyo kwamba mtumiaji ajihadhari na mikondo na upepo unaovuma kutoka nchi kavu, na kwamba kitu hicho hakimkingi mtu na kuzama. Mtengenezaji alijua, na aliyeagiza mzigo angeweza kusoma. Muuzaji, ambaye alimhakikishia mteja wake kwamba chombo kinafaa bahari yoyote, alikuwa na onyo hilo mkononi wakati anapokea fedha. Kumuuzia mzazi kitu cha bwawani na kumwambia akampakie mwanawe baharini ni kosa ambalo siwezi kulipa jina jepesi.

Tuzungumzie basi huo upepo, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo lote. Ghuba ya Msasani imefunguka upande wa kaskazini, na asubuhi za kusi, msimu wa upepo wa kusini, upepo hutokea bara na kuelekea huko huko baharini. Mtu anayeingia majini chini ya nyumba na miti hausikii, kwa sababu nchi kavu inamkinga, na maji ya mbele yake hayana hata kiwimbi. Akisogea mita mia tatu, ile kinga inakwisha na upepo unamshika mgongoni, naye anafurahi kwamba leo chombo kinakwenda kwa wepesi wa ajabu. Anautambua ukweli pale anapogeuka kurudi. Asubuhi ile, juu ya upepo, kulikuwa na bamvua, yaani siku ya maji makubwa, na maji yalikuwa yanapwa kwa kasi, kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yanamvuta baba yule upande mmoja, na yeye alikuwa na kafi moja jepesi la plastiki la kushindana nayo.

Anayeanza kupiga kafi hupata kilomita 4 au 5 kwa saa katika maji yaliyotulia, tena akiwa na chombo kizuri. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao aliyekaa mchangani anauona ni wa kumpunga tu, unatosha kuifanya kayaki laini isiyo na mkuku isisogee mbele kabisa. Sababu yake ni kwamba inaelea juu ya maji kama kifuu cha nazi, ubavu wake wote uko hewani ukipokea upepo, na chini hakuna kitu kinachoshika maji. Zaidi ya hapo, kwa kuwa imejazwa upepo kidogo, inajikunja katikati kwa uzito wa aliyekaa, na sehemu kubwa ya nguvu unayotoa inaishia katika kuitikisa badala ya kuisogeza. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wavuvi wenye uzoefu huacha vyombo vyao pwani. Siku kama hiyo mwenye kayaki asitoke, hata kama amechukua likizo kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo, anayeniuliza anunue kayaki gani ya kubeba begani nami humuuliza kwanza kama ataweza kurudi nayo dhidi ya upepo. Swali la uzito na la ukubwa wa mkoba linakuja baadaye, ingawa nalielewa vizuri, maana mimi mwenyewe ninaishi ghorofa ya tatu, sina gari, na chombo changu hupanda bajaji pamoja nami. Kayaki ngumu ya plastiki nzito ni bora kuliko hizi zote, ila haipandi ngazi.

Katika zile za kujaza upepo, tofauti kati ya ya kuchezea na ya kufanyia kazi imo sakafuni. Zilizo nzuri zina sakafu ya matabaka mawili ya kitambaa kigumu yaliyounganishwa ndani kwa maelfu ya nyuzi fupi, ambazo huyazuia yasivimbe kama puto, hivyo unaweza kuzijaza hadi paundi 8 au 10 kwa inchi ya mraba na ukapata ubao mnyoofu unaoweza kuusimamia. Zile za plastiki tupu hazivumilii hata theluthi ya shinikizo hilo. Tazama pia kama kuna pezi la kupachika chini upande wa tezi, kama kuna angalau vyumba vitatu vya upepo vinavyojitegemea ili kimoja kikitoboka vingine vikurudishe, na kama pampu ina geji, kwa kuwa kukisia kwa mkono hakufai. Usisahau kupunguza upepo ukiiacha mchangani. Mwaka wangu wa kwanza niliiacha yangu juani kisiwani Mbudya saa sita mchana, imejaa kabisa, na mshono wa ubavu wa kulia ukaachia kwa mlio uliowafanya watu wageuke. Nilirudi kwa boti ya abiria nikiwa nimeikumbatia kama nguo zilizoloa.

Zile za kukunja ni jamii nyingine. Kuna za bati jepesi la plastiki ambalo limewekewa mikunjo kiwandani, unalifungua kutoka umbo la sanduku na kulikunja hadi liwe kayaki, nyingi zikiwa na uzito wa kilo 9 hadi 15. Zinakwenda moja kwa moja na zinakata maji vizuri, lakini ukipinduka zinajaa maji, kwa hiyo ni lazima uongeze mifuko ya upepo tezini na omoni. Halafu kuna za zamani, zenye mifupa ya mbao au alumini inayovalishwa ngozi ya turubai na mpira, ambazo ninazipenda kuliko zote na ambazo siwezi kumshauri anayeanza, kwa bei yake na kwa muda wa kuziunga.

Ninazitaja kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba chombo kinachoingia mkobani hakiwezi kuwa cha kweli. Alfred Heurich alitengeneza kayaki ya kukunja kule Munich mwaka 1905, na miaka miwili baadaye fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, akanunua haki ya kuiunda. Mjerumani mwingine, Oskar Speck, aliondoka Ulm, Ujerumani, mwaka 1932 na kayaki ya kukunja na akafika upande wa Australia mwaka 1939. Daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki mwaka 1956 kwa siku 72 katika chombo cha aina hiyo hiyo. Na kabla ya Wajerumani wote hao, Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, waliounda kayaki ya kwanza kwa ngozi ya sili na mbao zilizoletwa na maji waliipima kwa mwili wa mwenyewe, urefu kwa mikono yake iliyonyooshwa na upana kwa nyonga zake. Hakuna aliyechukua chombo kwa kuwa kilikuwa kimepunguzwa bei.

Jaketi okozi linunuliwe kabla ya kayaki. Ninarudia, kabla. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na pwani yetu haihitaji kukumbushwa maana ya idadi kama hiyo. Kwa mtu mzima anayejua kuogelea na asiyekwenda mbali, jaketi la nyutoni 50, kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu, linatosha na halizuii mikono. Kwa mtoto, na kwa mtu asiyejua kuogelea, tafuta la nyutoni 100 lenye ukosi unaokishika kichwa. Lifungwe mwilini wakati wote. Nimewaona watu wengi walioliweka chini ya kiti, na kayaki ikipinduka jaketi linakwenda na maji kabla mwenyewe hajatoa kichwa.

Baada ya jaketi, jifunze kupinduka. Ingia maji ya kifuani, upindue chombo kwa makusudi, ushike kafi kwa mkono mmoja, ukigeuze, ulale juu yake kwa tumbo huku miguu ikipiga maji, kisha ujizungushe hadi ukae. Mara ya kwanza utashindwa, kila mtu hushindwa, na ni heri ushindwe pale ambapo unaweza kusimama. Ukipindukia mbali, usikiache chombo uogelee kwenda nchi kavu, kwa kuwa chombo kinaelea na kinaonekana, na kichwa chako hakionekani. Anayeanza aanze safari kwa kuukabili upepo, ili akichoka umrudishe.

Urijojo, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, hutoboa. Chaza walioshikamana na mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Chumvi ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, na chombo kikauke kivulini kabla hakijarudi mkobani. Wenzetu wa maziwa makuu wana viboko, mamba na kichocho, nao wawasikilize wavuvi wa kwao.

Kuhusu bei nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba wanaolalamika wana haki. Kayaki nzuri ya kukunja, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, inaweza kumaliza fedha za kununulia pikipiki, na si kila mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe bahari anazo. Nakiri pia kwamba ile ya plastiki laini ina mahali pake. Katika hori lililozungukwa na mikoko, kama Mida kule Watamu, Kenya, maji yakiwa yanajaa na yanakusukuma ndani, jaketi likiwa mwilini na mwenyeji akiwa karibu, inaweza kukufaa asubuhi moja. Ila iuzwe kwa jina lake, na lile onyo la pembeni liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo sasa pana picha ya familia inayocheka. Na asiye na fedha za chombo kizuri akodi kwa wanaokodisha, au amwombe mwenye nacho. Wengi wetu tuliopo ufukweni Jumapili asubuhi hatumnyimi mtu.

Baba yule amenipigia simu wiki hii. Hajanunua kayaki nyingine, lakini amenunua majaketi mawili, na alinisomea namba zilizoandikwa ndani ya ukosi ili nimthibitishie. Jumamosi ijayo ni siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na bahari itajaa katikati ya asubuhi. Tutaingia na chombo changu hadi maji ya kifuani, nasi tutakipindua mpaka aweze kupanda mwenyewe mara tatu mfululizo. Binti amesema atakuja, ila atakaa mchangani kwanza amtazame baba yake.