Vipimo vya msongo wa mawazo vijaribiwe pia katika joto la Pwani

Nimeisoma kwa makini habari ya majaribio ya bangili za mkononi zinazopima msongo wa mawazo, na ninauunga mkono utafiti huo, ila nina ombi kwa wanaouendesha: wazijaribu bangili hizo pia katika joto la Pwani. Vifaa hivi havisomi mawazo ya mtu. Vinapima dalili za mwili, yaani mapigo ya moyo na jinsi ngozi inavyopitisha umeme jasho linapotoka. Katika maabara yenye kiyoyozi, mtu anapotakiwa kuhutubia jopo na kufanya hesabu za kutoa kwa sauti, kama lilivyo jaribio lililochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993, jasho la kiganja huweza kuwa ushahidi mzuri wa wasiwasi. Lakini kuli wa bandari ya Kilindini, Mombasa, anayepakua shehena mwezi wa Februari, au abiria aliyebanana na wenzake kwenye feri ya Likoni, hulowa jasho hata kama moyo wake umetulia kabisa.

Tena, mwanga wa kijani unaotumiwa na bangili nyingi kusoma mapigo hufyonzwa zaidi na ngozi nyeusi, kwa hiyo sisi wenye ngozi hiyo tusiachwe nje ya majaribio.

Na waajiri wasipewe takwimu za bangili hizi kamwe bila ridhaa ya mfanyakazi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.