Utafiti Uanze na Swali la Mvuvi

Mzee mmoja wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi katika Kisiwa cha Pate, Lamu, nchini Kenya, alinijibu maswali yote huku akishona wavu, kisha akaniuliza lake moja: "Mwanangu, hao waliotangulia kuniuliza haya, majibu waliyapeleka wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Sindano yake iliendelea kupita matundu ya wavu, nami nikafunga daftari.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na hojaji yangu niliitunga chumbani, mbali na Kisiwa cha Pate. Ratiba niliipanga kwa kalenda ya chuo. Wiki yangu ikaangukia bamvua, maji yanapokupwa mno na wavuvi wa pweza wote wako mwambani. Nikawahoji waliobaki kijijini. Kosa hilo lingeepukika kwa kumpigia simu mtu mmoja wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao.

Tangu hapo naamini mtafiti aandike mambo mawili kabla ya mbinu zake: nani atakayelitumia jibu, na lini atalihitaji. Hilo la lini ndilo tunalolipuuza zaidi. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa miaka mitano. Huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ukileta matokeo yako mpango ukishapitishwa, hata yakiwa mazuri vipi, bajeti imeshagawanywa.

Lamu tumeshaona uzito wa kutowasikiliza watu. Juni 2019, jopo la kitaifa la kusikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwapo, imeandikwa na wataalamu, lakini wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa naandaa utafiti mwingine. Fungu la kwanza katika bajeti ni la kurudi: nauli ya boti, chai na mahamri ya kikao, na matokeo kwenye karatasi moja ya Kiswahili itakayobandikwa pale samaki wanapopimwa. Wafadhili wengine hulikata fungu hilo kwanza. Mimi nalitetea, maana bila hilo kazi haijaisha.

Na safari hii nilikwenda barazani kabla ya kuandika chochote. Nilitaka kupima bei ya pweza. Wavuvi wakaniambia bei wanaijua. Wanachotaka kujua ni hiki: mwamba ukifungwa miezi mitatu, pweza watakaoongezeka watafidia siku ambazo hakuna aliyevua? Ndilo swali nililoliandika.