Jiwe Lililovimba

Kufundisha volkeno katika kisiwa cha Unguja ni kazi ya imani, kwa sababu ardhi yetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, wala hapana kilima hata kimoja cha kumwonesha mwanafunzi ukamwambia kwamba hiki kiliwahi kutapika moto. Ndiyo maana nilimwomba shemeji yangu, aendaye Ngazija, huko Komoro, mara kwa mara, aniletee kipande cha lava ya Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao miteremko yake mipana hushuka taratibu, mfano wa kawa lililobonyezwa, mpaka lava nyeusi ikakutana na mchanga mweupe ufukweni. Jiwe la pili, jepesi na lenye vitundu tele, nililiokota mwenyewe pwani ya Bwejuu.

Siku ya somo nilisahau miwani nyumbani, ulimi sikuusahau. Nilimwalika na Mwalimu Mkuu. Nilikifungua kipande cha Karthala kutoka gazetini, kikazama ndani ya beseni, chubwi, kama ipasavyo basalti, jiwe zito la lava. Nikafungua gazeti la pili, nikaliweka jiwe jepesi majini, nalo likaelea, na darasa zima likapiga makofi. Nikaeleza kwa madaha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikiwa na gesi nyingi hufura povu na kuganda ikiwa na hewa tumboni, na kwamba Krakatau ya Indonesia ilipolipuka mwaka 1883, mawe ya namna hii yalivuka Bahari ya Hindi nzima mpaka pwani ya Afrika Mashariki, bila ya nauli wala nahodha.

"Mwalimu," akasema mtoto wa mbele, "jiwe linavimba."

Nikamjibu kwa utulivu wa mtaalamu kwamba hata volkeno yenyewe huvimba kabla ya kulipuka. Mwalimu Mkuu akainama, akalibonyeza, kidole kikapenya. Akakinusa.

"Hili ni bofulo."

Lilikuwa bofulo kweli, mkate ulioungua na kukauka, ambalo mama alilifunga gazetini kwa ajili ya kuku wake. Niliporudi nilimkuta uani, miguu imo ndani ya ndoo, anasugua visigino.

"Shikamoo, mama. Jiwe langu hilo?"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe lako? Visigino havijapata kuwa laini hivi tangu harusi yangu. Ukenda tena Bwejuu, muokotee na shangazi yako jengine."

Nyuma yake kuku watano walikuwa wamenikodolea macho, hawajala tangu asubuhi.