Vihisi vinane katika nyumba ya mawe: vifungwe wapi?

Sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Tangu hapo, kuzifungia nyumba za Mji Mkongwe vihisi, yaani vifaa vya kupima mtikisiko, unyevu, nyufa au mwinamo, si wazo la kuchekwa tena. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuvifunga. Tuseme mwenye nyumba ana uwezo wa vihisi vinane, basi.

Wahandisi wa hesabu wanataka nyumba iundwe kwanza kwenye kompyuta, ikokotolewe inavyotikisika, kisha programu ichague pa kufunga. Wana hoja, maana jicho hudanganya. Chukua boriti iliyoegemea ncha mbili. Wengi wangefunga kipima mtikisiko katikati, panapoyumba zaidi. Lakini boriti ikitikisika kwa namna yake ya pili, nusu moja ikipanda huku nyingine ikishuka, katikati ndipo panapotulia kabisa, na kihisi kinakuwa kiziwi. Kisogeze hadi robo ya urefu, kitasikia namna ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hilo halionekani kwa macho hata ya fundi mzee.

Kwa majumba ya zege ya Michenzani ningewafuata bila ubishi. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ni mambo mengine. Mara nyingi boriti zake za mikoko zimelala tu ukutani. Hazikuzifunga kuta zikawa sanduku moja, kwa hiyo kila ukuta huyumba kivyake. Kompyuta ikidhani pembe zimeshikana, itachagua mahali pazuri kwa nyumba isiyokuwepo. Tena mtikisiko ni shahidi mzito wa kusikia: ugumu wa ukuta mzima ukipungua kwa asilimia 10, kasi ya kutikisika (mara ngapi kwa sekunde) hushuka kwa takriban asilimia 5 tu. Kuoza kwa ncha ya boriti moja kutafunikwa na mabadiliko ya kawaida ya masika, kuta zinapolowa.

Mafundi wao hufuata maji: chini ya choo cha ghorofani, penye mlizamu uliovunjika, nyuma ya lipu ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa ikazuia unyevu kutoka. Naona wako karibu zaidi na ugonjwa wenyewe. Ila wana upofu wao: hufunga palipokwisha kuharibika, na ukuta unaoinamia nje taratibu bila ufa huwapita.

Mgawo wangu ungekuwa hivi. Vitatu vya unyevu kwenye ncha za boriti, kimoja kati ya hivyo kwenye boriti nzima, kavu, kwa ajili ya kulinganisha. Hicho cha tatu wengi hukiona hasara, kumbe ndicho kinachoviokoa vingine. Mti ukikaa juu ya asilimia 20 ya unyevu huingia hatari ya kuoza, lakini vipimo vya pini mbili hupitisha umeme, na chumvi ya pwani huvifanya visome juu kuliko ukweli. Namba peke yake itakutia hofu bure, tazama tofauti. Pini ziwe ndefu, zielekezwe ndani ya ukuta, kwa sababu sehemu ya boriti iliyo hewani hukauka mapema.

Vitatu vingine viende kwenye nyufa, pale zilipo pana. Ncha ya ufa haihitaji kihisi: penseli na tarehe vinatosha kuonyesha kama unarefuka. Viwili vilivyobaki viwe vya kupima mwinamo, juu kabisa ya ukuta mrefu wa nje, katikati ya kuta mbili zinazoukata, kwani hapo ndipo hauna wa kuushika. Hapa wahesabu na mimi tungekubaliana, nadhani.

Kabla ya kutoboa, gonga. Lipu ikilia utupu imeachana na jiwe, na kihisi kilichofungwa juu yake kitapima mwendo wa lipu. Skrubu ziingie kwenye jiwe lenyewe, na ziwe za chuma kisichoshika kutu.